Ncha ya Pili ya Shuka

Mama alivua viatu kabla ya kukanyaga maji ambayo hayakuwa maji.

Tulikuwa mlangoni mwa ukumbi, ghala la zamani la barafu ambalo bado lina kulabu za nyama darini. Msanii, mwenye maonyesho haya, alikataa kuziondoa, akasema zina historia. Waya, fundi wetu wa projekta na spika, alisema zina kutu, na kwamba siku moja hiyo historia itamwangukia mtu kichwani. Sakafuni, kutoka ukuta wa nyuma hadi miguuni petu, ulikuwa unapita mto: mwanga wa kahawia uliotoka darini ukatandazwa kwenye saruji, ukitembea polepole, ukibeba majani na vijiti. Ukuta wa kushoto ulionyesha ukingo wetu. Ukuta wa kulia ulionyesha ng'ambo.

"Ni mwanga tu, Mama," nilimwambia. "Pita na viatu."

"Najua ni mwanga. Mimi si mtoto."

Akavishika viatu mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akainua pindo la gauni hadi juu ya vifundo vya miguu. Akaingia. Waya alikuwa juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, na nilikuwa nimejiandaa kumchukia kama angecheka. Hakucheka. Alitoa bisibisi mdomoni akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hapa kina kirefu?"

"Hapana mama, hapo ni pa magoti tu."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Katikati ya mto alisimama. Povu jeupe lilikuwa linakuja kutoka ukuta wa nyuma, vipande vidogo vidogo, likapita kando ya miguu yake. Alilisindikiza kwa macho mpaka likafika mlangoni na kupotea.

"Hili povu la Dada," alisema.

Dada alikuwa mbele yake, kwenye ukuta wa kulia, mrefu kuliko alivyokuwa maishani. Mimi nilimwita Mama mkubwa. Alikuwa anakamua shuka jeupe ukingoni mwa mto, mgongo umeinama kidogo, kitambaa cha kichwa kimeteremkia sikioni. Alikuwa amekufa kabla hata sijamaliza kuihariri ile picha.

Wao wawili walikuwa madobi. Nyumba ya wageni iko ng'ambo, juu kidogo ya mkondo, na walikuwa wakiifulia mashuka tangu kabla sijazaliwa. Mama aliolewa upande huu, lakini kuolewa hakukumwachisha kazi. Kila asubuhi alivuka daraja akiwa na chai yake kwenye chupa, na askari wa darajani walimsalimia kwa kumuuliza mashuka yanasemaje. Jioni alirudi na vidole vimejikunja kwa maji, akinuka sabuni na jua. Mama mkubwa alikuwa mcheshi wa nyumba. Mama akichelewa, alimwambia, "Nimekungoja mpaka nimechoka kuchoka." Utotoni nilidhani kuchoka kuchoka ni ugonjwa.

Shuka la kitanda cha watu wawili lililolowa halikamuliki na mtu mmoja. Linataka watu wawili wasimame mbali, kila mmoja na ncha yake. Mama mkubwa alizungushia kulia, Mama kushoto. Shuka linasokoteka kama kamba, linafupika, na wale wawili wanavutwa taratibu wasogeleane, maji yakimwagika katikati yao. Likishakauka vya kutosha wanakuwa wamekaribiana uso kwa uso. Hapo ndipo walipoambiana habari zote: nani kaumwa, nani kaachwa, mimi nimefaulu, mimi nimefeli. Mama alisema hakuna siri ya ukoo ambayo haikuwahi kusemwa kwenye shuka.

Kisha daraja likafungwa. Wakubwa wa nchi zetu mbili walikosana juu ya jambo ambalo kila redio ilikuwa na namna yake ya kulieleza. Waliweka mapipa yenye saruji, wakaweka waya wa miiba, wakaweka boti la doria. Siku ile Mama alikuwa amebakiza mashuka machache kwenye beseni, akamwambia dada yake, "Haya tutayamaliza kesho." Chupa yake ya chai pia aliiacha ng'ambo.

Mwanzoni walikuwa wakipigiana simu. Mama mkubwa alikuwa anapiga kelele simuni kana kwamba sauti yenyewe ndiyo inayovuka mto kwa miguu. "Unakuja lini?" Mama alijibu, "Wakifungua tu." Wiki zikapita. "Unakuja lini?" Kulikuwa na watu waliovushwa kwa mitumbwi ya wizi, na mmoja uliwahi kupinduka, na Mama hajui kuogelea. Aliogopa. Hakuweza kumwambia dada yake kwamba anaogopa, basi akaanza kutopokea. Simu ikiita aliigeuza kifudifudi mezani, akaitazama mgongo mpaka inyamaze.

Badala yake alikuwa anashuka mtoni. Mto pale unapinda, na kila kinachomwagwa kule juu kinaletwa kwetu. Alikaa nyuma ya matete, mahali asipoonekana, akangojea povu. Likija jingi alirudi nyumbani akasema, "Leo nyumba ya wageni imejaa." Likija kidogo alisema, "Mgongo unamsumbua." Siku povu lilipokosa kuja kabisa hakusema kitu. Jirani wa Mama mkubwa alipopiga simu jioni ile, Mama aliipokea kabla haijaita mara ya pili. Walimzika kesho yake, ng'ambo. Mama alikuwa amekaa kitandani na begi lililofungwa, akiwa amevaa viatu.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yamesimama mbele yake ukutani.

Alisogea. Ukuta ule ni mpana, na projekta inaning'inia katikati ya dari kwa sababu kule mbele dari halikubali skrubu. Kwa hiyo mtu akiukaribia ukuta, anaingia kwenye mwanga. Mama alinyoosha mkono kuelekea uso wa dada yake, na uso ukamezwa na kivuli. Akasogea tena. Ukutani pakabaki umbo jeusi la Mama mwenyewe, na pembeni yake kipande cha shuka kisicho na mtu.

Mimi niliyekuwa nyuma niliona asichokiona yeye. Picha haikuwa imepotea. Ilikuwa imemwangukia. Uso wa Mama mkubwa ulikuwa mgongoni mwa Mama, kwenye gauni lake la maua, ukitabasamu.

"Nikimsogelea anaondoka," Mama alisema.

"Ni kivuli, mama," Waya alisema kutoka juu. "Rudi nyuma kidogo atakuja."

Mama akarudi mpaka katikati ya mto. Dada yake akaja. Na hapo ndipo spika zikasema, kwa sauti iliyokuzwa mpaka ikafanana na ile ya kupiga kelele simuni:

"Mwambieni mdogo wangu namngoja mpaka—"

Kimya. Maji. Shuka likidondosha matone. Halafu tena: "Mwambieni mdogo wangu namngoja mpaka—"

Viatu vya Mama vilianguka sakafuni.

"Mpaka nini?" aliuliza.

Akanigeukia.

"Mpaka nini, mwanangu? Mbona haishii?"

"Imekatwa hapo, Mama."

"Nani kaikata?"

Mimi ndiye niliyeikata, ndiyo kazi yangu. Ninakata picha, ninaunganisha, ninapanga sauti. Nilisomea hayo chuoni, na Msanii alinichukua kwa sababu, alisema, nina masikio na sina mdomo. Waya ananiita Kimya. Anasema siku nzima yeye huongea na ngazi, na ngazi inamjibu kuliko mimi. Ni mimi niliyemwambia Msanii habari za nyumba ya wageni na za Mama mkubwa, kwa maneno machache niliyoyafanyia mazoezi bafuni, na yeye ndiye aliyekuwa na kibali cha kuvuka. Alimpelekea Mama mkubwa mfuko wa sabuni kutoka kwetu. Alirudi na picha zile, na ujumbe ule uliokatika.

"Boti la doria lilipita," nilimwambia Mama. "Lilimeza maneno."

Mama aliokota viatu vyake. Akatoka ukumbini, na sikumwona akiinua pindo la gauni.

Njiani kwenda nyumbani alinitangulia. Tulipofika aliwasha jiko, akaweka sufuria, akasahau kutia maji. Nilipoiepua sufuria ile iliyokuwa inaungua tupu, alisema, bila kunitazama:

"Ni mpaka nichoke. Ndivyo alivyosema. Namngoja mpaka nichoke. Akachoka."

"Mama, hujui."

"Namjua dada yangu. Alipiga simu nikaiacha inalia. Wewe ungesema nini?"

Mimi maneno yangu huja nikishafika chumbani na kufunga mlango.

Asubuhi nilimfuata Msanii. Tunamwita Msanii hata mbele yake, naye anapenda. Zamani alikuwa mchoraji. Sasa anasema rangi hazitembei. Alikuwa amekaa sakafuni, katikati ya mto, akila mkate, povu likipita juu ya magoti yake.

"Ile sauti ya Mama mkubwa," nilisema. "Ningependa kujua inaishia wapi."

"Inaishia kwenye boti. Wewe mwenyewe uliisikiliza."

"Kama ikipatikana... tunaweza kuiweka yote?"

Alitafuna kwanza. Si mtu mbaya. Mama mkubwa alipofariki alifunga kazi akaja kwetu, akakaa kwenye kiti kifupi, akanywa maji, akalia kuliko mimi.

"Sikiliza," alisema. "Mpaka. Mgeni anasimama hapa, anasikia mpaka. Anaangalia huku, anaangalia kule, anajiuliza: mpaka wa nchi? Au mpaka lini? Neno moja, linavuta pande mbili. Hakuna mwandishi angeniandikia hivyo. Mama yako mkubwa amenipa jina la kazi nzima bila kujua. Ukiimalizia ile sentensi, umeifunga. Watu watasema aa, kumbe, halafu watatoka kutafuta soda."

"Lakini yeye hakuwa anazungumza habari za mpaka."

Ilitoka ndogo sana, nadhani mkate uliisikia zaidi kuliko yeye.

"Umesema?"

"Hapana, hakuna."

Nilirudi kwenye kichumba changu nyuma ya pazia jeusi, pamoja na kompyuta na feni inayogonga. Niliifungua tena sauti ya kamera. Nilijaribu kulipunguza boti, nikapunguza sauti nzito, nikapunguza za kati, na kila nilipolipunguza boti nilimpunguza na Mama mkubwa, kwa sababu walikuwa wameshikamana. Mwisho nilibaki na kitu kama mtu anayeongea ndani ya pipa lililofungwa. Nilijilazimisha kusikia "nichoke". Nikalisikia. Nikajilazimisha kusikia "nipone". Nikalisikia pia. Nikavua vifaa vya masikioni.

Basi nilijua kwamba nisingeweza kwenda na jambo lile nyumbani.

Mchana Waya aliingiza kichwa kwenye pazia. "Kimya, spika ya chini inapiga kikohozi. Ile ya matone. Du! Halafu inanyamaza, halafu matone yanaendelea. Mgeni akiisikia atadhani mto una kifua kikuu."

"Sehemu gani?"

"Umesema! Nitaandika ukutani. Karibu na mwisho, kabla hajafungua fundo."

Sauti ya matone ilitoka kwenye faili tofauti. Siku ya kupiga picha, Msanii alikuwa amefunga kipaza sauti kidogo kwenye nguzo, ili apate mlio wa shuka likisokotwa na maji yakidondoka. Nguzo yenyewe ilikuwa ya kamba ya kuanikia. Mama mkubwa, kwa kuwa alikuwa peke yake, alikuwa ameifunga ncha ya pili ya shuka pale, kwa fundo nono, ili nguzo imshikilie wakati yeye anasokota. Picha ile Msanii aliipenda kuliko zote. Mimi niliitumia sauti ya nguzo kwa ajili ya matone tu, nikachukua vipande vyenye matone safi, mengine nikayaacha.

Nikaitafuta ile du. Niliipata: wimbi la boti lilikuwa limefika ukingoni na kuipiga nguzo. Nikarudi nyuma kidogo nione inapoanzia.

Na pale, kabla ya wimbi, kulikuwa na mtu.

Hakuwa anapiga kelele. Kamera ilikuwa mbali, ubavuni mwake, na boti lilikuwa upande wa kamera, lakini nguzo ilikuwa mbele yake, kwenye ncha ya pili ya shuka, na shuka lilikuwa limeshasokoteka likamvuta akakaribia. Alikuwa mahali ambapo angekuwa akimwona Mama uso kwa uso. Fundo lililia kama mlango. Pumzi yake ilikuwa karibu nami kuliko ilivyowahi kuwa tangu nikiwa mdogo, alipokuwa akinisuka.

"Mwambieni mdogo wangu namngoja mpaka mashuka yaishe," alisema.

Akacheka, kile kicheko chake cha puani. Boti likapita kule mbali, jambo dogo tu. Kisha akasema tena, chini, si kwa Msanii wala kwa kamera:

"Na wewe unajua mashuka hayaishi."

Nilisikiliza mara moja tu. Nikaweka kichwa juu ya meza. Waya alivuta pazia kuuliza kama kikohozi kimepona, akaniona, akalirudisha pazia taratibu. Baadaye nilikuta kikombe cha chai nje, kimefunikwa kwa kisahani.

Nyumbani nilishindwa kumsimulia. Nilifungua mdomo wakati anakunja nguo, nikaufunga. Kama ningeyasema mimi yangekuwa maneno yangu, na angeweza kudhani nimeyatunga kumfariji, maana ananijua. Nikamwambia tu, "Kesho uje tena ukumbini. Mapema, kabla ya wageni."

"Kufanya nini? Nimeshaona."

"Uje, Mama. Tafadhali."

Sijui aliona nini usoni kwangu. Alisema, "Haya."

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya ufunguzi. Viti vilikuwa vimepangwa nje, na mtu alikuwa anafunga kitambaa mlangoni. Waya alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Nilimweleza kwa kifupi, akasema, "Wewe nenda na mama. Mimi nitabonyeza."

Mama alivua viatu tena, akainua gauni, akasimama katikati. Taa za ukumbi zikazimika. Mto ukaja. Dada yake akaja, akachovya shuka, akalitoa zito likichuruzika, akaifunga ncha moja kwenye nguzo.

"Anafunga vibaya," Mama alisema polepole. "Fundo la hivyo linaacha alama kwenye kitambaa."

Mama mkubwa alianza kusokota. Waya alikuwa amenyamazisha spika zote isipokuwa ile ya chini kulia, chini ya nguzo. Ndiyo pekee iliyozungumza, na ilizungumza taratibu, kiasi kwamba Mama ilibidi ainame.

"Mwambieni mdogo wangu namngoja mpaka mashuka yaishe."

Kicheko.

"Na wewe unajua mashuka hayaishi."

Mama aliweka mkono mdomoni. Nilidhani atalia, nami nikamsogelea. Lakini aliutoa mkono na kumbe alikuwa anacheka, kicheko cha puani kama kile, ambacho sikujua kwamba na yeye anacho. Kilimtoka mara mbili, cha tatu kikavunjika njiani. Akakaa chini. Akakaa sakafuni, kwenye mto, maji yakimpita tumboni, akalia bila kujifunika.

Nilikaa naye. Waya aliacha picha ijirudie.

"Yalibaki machache tu kwenye beseni," Mama alisema. "Machache tu. Ningesema tuyamalize siku ile ile."

"Mama, yangekuja mengine."

"Ndiyo. Ndivyo anavyosema."

Picha ilipoanza upya aliinuka. Hakwenda kwa dada yake safari hii. Alitembea pembeni, karibu na ukuta, mpaka pale palipokuwa na nguzo, akasimama ubavu, akitazama upande ambao Mama mkubwa alikuwepo. Nguzo ikachoreka juu ya gauni lake. Akanyoosha mikono mbele.

"Songa kidogo nyuma, mama," Waya alisema, sauti yake haikuwa na mzaha. "Hapo. Tulia hapo."

Shuka likafika kwenye mikono yake. Weupe wake ulilala juu ya vidole, kwenye viganja, ukapanda kidogo kwenye mikono ya gauni. Upande wa pili dada yake alikaza. Mama akafumba viganja juu ya mwanga, akaanza kuzungushia kushoto. Taratibu, bila kukosea. Dada kulia, mdogo wake kushoto. Shuka likasokoteka, likafupika. Mama mkubwa alivutwa hatua moja mbele, na Mama, bila kufikiri, alipiga hatua moja mbele pia. Mdomo wake ulikuwa unatembea. Alikuwa anamweleza habari.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Msanii aliingia na koti jipya, akaona, akasimama. Kisha mkono wake ukaingia mfukoni ukatoka na simu, na simu ikapanda juu, mbele ya jicho lake.

Sikumbuki kutembea. Nilikuwa mbele yake tu, na kiganja changu kilikuwa juu ya kioo cha kamera.

"Hapana," nilisema.

Ilitoka kubwa. Iligonga ukuta wa nyuma ikarudi. Waya aligeuka kule alikokuwa.

Msanii aliangalia mkono wangu, akaangalia uso wangu. "Unajua hii ni nini?" alinong'ona. "Unajua unachokizuia?"

"Najua. Ni Mama yangu."

Kisha akashusha simu, akairudisha mfukoni, akavua na koti lake, sijui kwa nini, akasimama nalo mkononi kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya wengine. Spika ya chini ikasema maneno yake yote, mpaka mashuka yaishe, na yale ya mwisho. Msanii aliyasikia kwa mara ya kwanza. Aliinamisha kichwa.

"Ningeweza kuyaweka," alisema. "Ukitaka, tuyaweke. Bado kuna muda."

Hilo ndilo nililokuwa nimelitaka. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya kumshukuru. Lakini Mama alijibu kutoka ukutani, bila kugeuka, mikono bado imeshika:

"Mwachie yake. Ile fupi ndiyo yake. Hii nimeambiwa mimi."

Ukutani Mama mkubwa alikuwa amemaliza. Alikwenda kwenye nguzo kufungua fundo, akamkaribia Mama kabisa, uso ukitokea pembeni ya uso, vidole vyake vikubwa vya mwanga vikifanya kazi kwenye viganja vya Mama. Shuka likatoka. Akalitupia begani, akageuka, akatoka kwenye picha kwenda kulianika, mahali ambapo kamera haikumfuata. Ukuta ukabaki na mto, kamba, na Mama.

Nje watu walikuwa wameanza kufika. Tulisikia viti vikisogezwa, na mtu akijaribu kipaza sauti. Waya alinitazama, nami nikamwitikia kwa kichwa, akaiweka ile sauti fupi ya wageni. Spika zote zikafunguka kwa pamoja.

"Mwambieni mdogo wangu namngoja mpaka—"

Mama alishusha mikono. Akaikung'uta mara mbili mbali na mwili, kama wanavyofanya madobi, kisha akaifuta kwenye gauni, mbele na nyuma, ingawa ilikuwa mikavu.